Zana za mjomba: kutoa kutu kwa siki, molasi na magadi

Tanga chumvi iko hewani. Mabati ya nyumba za Ngamiani huanza kuoza kwenye misumari, bawaba hulia kabla mlango wenyewe haujazeeka, na chuma kisichoguswa kwa masika mawili matatu hubadilika rangi. Kwa hiyo nilipofungua sanduku la zana la mjomba wangu, aliyekuwa seremala maisha yake yote, nilichokikuta hakikunishangaza. Lilikuwa limekaa stoo ya uani tangu alipofariki, juu ya sakafu ya saruji, limefunikwa gunia la katani. Saruji hupandisha unyevu kutoka chini, gunia huushika usiondoke, na upepo wa bahari humalizia kazi. Randa, patasi, misumeno, tezo, tupa, keekee, vyote vilikuwa na rangi moja ya udongo mwekundu.

Mkaza mjomba alikuwa ameshawaita vijana wa chuma chakavu, wale wanaopita mitaani na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. "Mwanangu, chukua unachokitaka," aliniambia, "kinachobaki nawapa hawa nipate hela ya mboga." Nilimwomba asiuze hata kimoja, na hela ya mboga nikatoa mimi. Mizani ya chuma chakavu haijui tofauti ya nondo iliyopinda na randa ya Record iliyotoka Sheffield, Uingereza. Vyote ni kilo. Mimi naijua, kwa sababu nimekulia kwenye maranda ya mjomba, na nimeona anachoweza kukifanya mtu mwenye patasi inayoshika makali. Patasi nyingi za bei ya chini zinazouzwa siku hizi hukunja makali kwenye mninga kabla hujamaliza tundu moja la bawaba.

Sina karakana. Nilichonacho ni ua wenye bomba, mabeseni, ndoo, jiko la mkaa na muda wa jioni. Kila njia ninayoieleza hapa nimeifanya uani pale, kwa vitu vya dukani na jikoni.

Kabla ya kulowesha chochote nilimwaga zana zote juu ya turubai nikazitazama moja moja juani. Hatua hii watu huiruka, na mimi naihesabu kuwa nusu ya kazi. Kutu ya unga, ile inayobaki kidoleni ukiipitisha, iko juu juu tu. Hutoka kwa mafuta ya taa na sitilwaya ya kusugulia masufuria. Kutu ya magamba, inayoinuka ukiichokonoa kwa ncha ya kisu, imeshakula, na chini yake kuna vishimo. Halafu kuna ule weusi au ukahawia uliokolea, laini, usiotoka kidoleni hata ukisugua. Huo uache. Ni tabaka lililokwisha kutulia juu ya chuma, na linasaidia kuizuia kutu nyekundu isishike upya. Inaniuma kuona mtu anaufuta kwa grainda ili zana ya mzee wake ing'ae, kisha baada ya mvua za kwanza chuma kiko wazi na kutu inaanza upya.

Vishimo ndivyo vinavyoamua zana itafanya kazi gani. Patasi ina pande mbili zinazokutana kufanya makali: mteremko unaonolewa kila mara, na mgongo ulio bapa. Vishimo vikiwa kwenye mteremko havina neno, utanoa vitakwisha. Vikiwa mgongoni, karibu na ncha, makali yatakuwa na pengo kila yatakapofika kwenye kishimo, na pengo hilo litaacha mstari kwenye mbao utakayoikata. Patasi za namna hiyo nilizitenga kwa kubandulia gundi na kufungulia makopo ya rangi. Sikuzitupa, ila sikuzipotezea siki.

Skrubu na nati zilizoganda nilizifungua kwa mafuta ya taa. Unadondoshea, unagonga kichwa cha skrubu kidogo kwa nyundo ndogo, unaacha hadi kesho, unadondoshea tena. Bisibisi lazima ijae mfereji wa skrubu kabisa; ikiwa nyembamba itachana kichwa na hapo umejiongezea kazi. Mipini yote ya mbao itoke, na vipande vya shaba vitoke, kwa sababu mbao huvimba kwenye siki na shaba huchafuka rangi. Zikishafunguka, zioshe zana kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia. Siki haipenyi grisi.

Siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, ndiyo niliyoitumia kwa patasi, visu vya randa na biti za keekee. Ili nisimalize chupa nyingi, nilikata shingo chupa tupu za maji za lita moja na nusu nikazisimamisha patasi humo, makali chini. Kwa chombo chembamba hivyo, siki kidogo inafika juu. Baada ya saa chache utaona vipovu vidogo vinapanda, na ukiacha usiku kucha siki inakuwa ya rangi ya chai. Toa, sugua kwa mswaki wa zamani au brashi ya waya laini, tazama. Kama bado, rudisha. Usiende kulala siku mbili ukaisahau: tindikali ya siki hupenda kutu kwanza, lakini kutu ikiisha itaendelea na chuma chenyewe, na makali membamba ndiyo huliwa mapema. Zana nyembamba sizipitishi siku nzima.

Kwenye kisu cha randa yenye mwili wa mbao siki ilinionyesha kitu ambacho sitakisahau. Kabla ya hapo kilikuwa kipande cha chuma chekundu, kinene, kisicho na alama yoyote. Nilipokisuuza na kukifuta, sehemu ya chini karibu na makali ilitoka ya kijivu kilichokolea, sehemu ya juu ikawa ya kijivu cheupe, na kati yake ukapita mstari mwembamba ulionyooka toka ubavu mmoja hadi wa pili. Wahunzi wa zamani waliotengeneza visu hivi hawakutumia chuma cha pua, yaani kile kigumu kinachoshika makali, kipande kizima, kwa kuwa kilikuwa ghali. Walichukua chuma laini kwa ajili ya mwili, wakaunganisha kwa moto na nyundo bamba jembamba la chuma cha pua pale tu makali yatakapokuwa. Chuma cha pua kina kaboni nyingi zaidi, na siki ikikila juu inaacha kaboni hiyo, ndiyo maana kinakuwa cheusi zaidi. Juu ya mstari yalijitokeza maneno yaliyogongwa kwa muhuri: CAST STEEL. Ni alama ya chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya vyungu, mbinu iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740, na ndiyo iliyoupa mji ule jina duniani kwa visu na zana. Kwa mtu wa kazi mstari ule una maana moja kubwa: unaonyesha chuma kinachoshika makali kinaishia wapi, yaani hadi wapi unaweza kunoa kisu hicho kabla hakijabaki chuma laini tu. Cha mjomba kilikuwa kimebakiza urefu wa zaidi ya kidole gumba. Nikajua nina kisu cha kunitosha umri wangu.

Ndimu hufanya kazi kama siki, ila utahitaji nyingi, kwa hiyo naitumia kwenye doa dogo tu. Ukwaju ni bora kwa zana isiyoingia ndani ya chombo. Mkaza mjomba ndiye aliyenikumbusha, kwa maana yeye husugulia ukwaju sinia na birika zake za shaba kila Idi ikikaribia. Nililoweka ukwaju ukawa uji mzito, nikaubandika kwenye doa la kutu ubavuni mwa jiliwa, kile chombo cha kubania kazi, nikafunika kwa kipande cha jani la mgomba ili usikauke. Jioni nikabandua, nikapiga brashi, nikabandika mwingine. Ni kazi ya polepole lakini haimwagi tindikali pasipotakiwa. Angalia tu kwamba ukwaju wa sokoni wakati mwingine umetiwa chumvi, huo usiutumie.

Na hapa kwenye chumvi ndipo ninapotofautiana na wengi. Ukiuliza watu jinsi ya kutoa kutu utaambiwa siki na chumvi, vijiko kadhaa, koroga. Ni kweli kwamba chumvi huharakisha. Kwa mtu anayeishi Dodoma huenda asipate hasara kubwa. Kwa mtu wa pwani siishauri kabisa. Nilipeleka tezo la mjomba kwa mzee mmoja anayeunda mashua pale Deep Sea, kwa sababu nilitaka anitazamie kama bado lina maisha. Baada ya shikamoo na marahaba alilipokea, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Akasema ni chuma cha springi ya gari, mhunzi wa zamani ndiye aliyelifua, lina maisha. Nilipomuuliza kuhusu siki na chumvi alinitazama kwa mshangao. "Bahari inakuletea chumvi bure kila siku, mwanangu. Wewe unaiongeza ya nini?"

Alichokisema kina sababu. Chumvi huingia kwenye vishimo vidogo vya chuma na kukaa humo hata baada ya kusuuza. Ikiwa humo huvuta unyevu wa hewa, na maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji matupu. Kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma chenye maji na hewa. Zana iliyosafishwa kwa siki tupu inaweza kukaa safi, na ya chumvi ikaota madoa mekundu kutoka ndani ya vishimo vilevile ulivyodhani umevimaliza. Saa chache unazookoa huzilipa baadaye. Nilitumia siki tupu, nikangoja.

Sasa kuna dakika chache ambazo kwangu ni muhimu kuliko saa zote za kulowesha. Zana ikitoka kwenye siki iko uchi. Haina kutu, haina mafuta, haina lile tabaka la weusi, na imelowa tindikali. Ukiiweka juu ya meza ukaenda kuitikia mlango, ukirudi utakuta ukungu wa rangi ya chungwa umeshaanza, na unakua huku unautazama. Kwa hiyo kabla sijatoa zana kwenye siki, kila kitu kinakuwa tayari kimejipanga: beseni la maji yenye magadi, birika la maji yanayochemka, matambara makavu, jiko lenye mkaa, na mafuta. Zana inatoka, inapigwa brashi, inazama kwenye magadi. Magadi ni adui wa tindikali. Utaona povu jepesi, na povu likikoma siki imekwisha nguvu. Natumia magadi soda ya unga, ile nyeupe ya dukani, kijiko cha chakula kwenye lita moja ya maji. Magadi ya mawe yanayotoka kwenye maziwa kama Natron ni mazuri kwa makande na maharage, ila huja na chumvi na mchanga ndani yake, kwa hiyo kwa kazi hii siyatumii.

Baada ya magadi namwagia maji yanayochemka pande zote. Watu hushangaa kwamba nakausha kwa kumwagia maji, lakini maji ya moto hukipasha chuma, na chuma chenye joto hujikaushia chenyewe, hata kwenye vifundo na mashimo ambayo tambara halifiki. Nafuta haraka, naishikilia juu ya jiko kidogo hadi iwe na joto la kuvumilika mkononi, si zaidi. Makali ya zana yakipata moto mpaka yabadilike rangi kuwa ya buluu yamepoteza ugumu wake. Kisha mafuta, wakati bado ina uvuguvugu, maana mafuta huenea vizuri juu ya chuma chenye joto.

Mwili wa randa ya Record haukuingia kwenye siki. Ni chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, kina kona nyingi, na sikutaka tindikali ikae kwenye kona hizo. Nilitumia molasi. Tanga ina wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo maduka ya vyakula vya mifugo huuza molasi, yale mabaki mazito meusi yanayotoka kwenye viwanda vya sukari. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, randa ikazama kabisa. Kisichozama kitaachwa na mstari pale maji yalipoishia. Baada ya siku chache molasi huchacha, juu hutanda povu, na harufu yake inaalika nyuki na nzi wa mtaa mzima, kwa hiyo weka mbali na jikoni na mbali na dirisha la jirani. Baadhi ya vitu vilivyomo kwenye molasi hushika chuma kilichomo ndani ya kutu na kukivuta kije majini, na chuma kizima hukigusa kidogo sana. Inachukua wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Kutu iliyolainika hutoka kwa mswaki na maji ya bomba. Randa ilitoka ya kijivu kilichopoa, na namba zilizosubiwa kwenye mwili wake zikasomeka zote. Kati ya njia zote hii ndiyo ninayoipenda, kwa upole wake. Usiitumie kwa kitu kilichopakwa zinki wala cha alumini.

Tezo lilikuwa na magamba mazito, kwa hiyo nililitengeneza kwa umeme. Njia hii haina ugumu lakini haitaki papara. Unahitaji ndoo ya plastiki, maji, magadi soda kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4, vipande vya nondo chakavu, na chaja ya betri ya gari ya volti 12, ile ya zamani yenye transfoma. Chaja nyingi mpya za kujiendesha hukataa kutoa umeme zisipoiona betri. Nondo huzamishwa pembeni na kuungwa kwenye waya mwekundu, yaani chanya. Zana huning'inizwa katikati na kuungwa kwenye waya mweusi, hasi. Zisigusane. Ukigeuza nyaya, zana ndiyo itakayoliwa na nondo itasafishwa, kwa hiyo nakagua mara mbili kabla ya kuwasha. Ukiwasha, vipovu huanza kupanda kutoka kwenye zana na maji hutanda taka za rangi ya kahawia. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi, inalegea, inatoka kwa brashi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na kwetu hukatika, usiogope: maji ya magadi hayaruhusu kutu kuanza upesi.

Vipovu vile ni hidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, palipo wazi, bila sigara wala jiko karibu. Zima kwenye soketi kabla ya kuingiza mkono au kuhamisha klipu. Usitie chumvi badala ya magadi, kwa kuwa utatengeneza klorini, ambayo ni sumu. Usitumie kijiko wala sufuria isiyoshika kutu kama chuma cha upande wa chanya, kwa sababu kromiamu iliyomo ndani yake hutoka ikiwa sumu kali majini. Na magadi soda si kostiki soda. Hiyo ya pili huunguza ngozi na macho.

Misumeno sikuilowesha popote. Bapa la msumeno ni jembamba na gumu, na hidrojeni ikipenya kwenye chuma cha aina hiyo hukifanya kivunjike kirahisi. Tindikali nayo hula ncha za meno. Nililaza bapa juu ya ubao, nikadondoshea mafuta ya taa, nikafunga msasa wa maji namba 240 kwenye kipande cha mbao bapa na kusugua kwa kufuata urefu, kisha namba 400. Mbao nyuma ya msasa ni lazima, vidole vitupu huchimba mabonde. Pale katikati ya bapa, mahali ambapo viwanda vilichora alama zao kwa tindikali, nilipita kwa mkono mwepesi sana. Mchoro ule ni wa kina cha unywele, ukisugua kwa nguvu umekwenda.

Tupa zilizojaa uchafu na kutu zinafaidi siki kuliko zana yoyote. Piga kwanza brashi ya waya kwa kufuata mifereji, lowesha usiku kucha, na tindikali itakula kidogo kati ya meno na kuyarudishia ukali kiasi. Tupa iliyolika kabisa haifufuki.

Kuna mambo mawili nimeyaona kwa mafundi na ninawasihi wayaache. La kwanza ni maji makali ya betri. Ni asidi ya salfuriki. Hutoa kutu kwa haraka ya kutisha, hula chuma, na tone moja likikurukia jichoni umeingia kwenye shida ya maisha. La pili ni kuchanganya siki na jiki kwa kudhani viwili vikiungana vitasafisha zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jiki yenyewe hata bila siki huzidisha kutu. Nyumba yenye watoto haitaki mchezo huo. Na rangi ya zamani kwenye zana isisuguliwe kwa msasa mkavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina risasi. Ilowe kwanza, vumbi lisiruke.

Mafuta ya kupakia zana safi yanataka kuchaguliwa. Ya alizeti hukauka yakawa ulimbo unaonata na kushika vumbi. Mafuta ya cherehani ni mazuri, ila kwa hewa ya Tanga hayakai muda mrefu. Ya nazi hayanati, yapo kila nyumba, ingawa huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakiganda tabaka lake si baya. Ninachokitumia kwa zana itakayokaa bila kazi ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya cherehani, sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta. Nta nzuri huletwa kutoka Tabora. Yeyusha kwenye kopo lililosimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Ikipoa inakuwa laini kiasi cha kuchotwa kwa kidole. Unapaka, unaacha kidogo, unafuta iliyozidi.

Sanduku lenyewe nililiinua juu ya vipande vya mbao, likaachana na saruji, na gunia nikalitoa. Kila ninapomaliza kazi nafuta zana kwa tambara lenye mafuta hata kama nimeitumia kidogo tu, maana jasho la mkono lina chumvi pia. Alama ya kidole iliyoachwa Ijumaa huonekana nyekundu wiki inayofuata, yenye mistari yake yote.

Mkaza mjomba sasa ana mlango wa jiko uliorandwa kwa randa ya Record, na jirani zake wameanza kuniletea majembe na mapanga ya shamba yenye kutu. Kwa hayo sipotezi siki wala molasi. Brashi ya waya, tupa kwenye makali, halafu ndoo ya mchanga uliolowanishwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi. Ukitoka shamba unafuta udongo, unalichomeka jembe kwenye mchanga mara kadhaa, unalitundika. Mchanga unasugua, mafuta yanabaki juu ya chuma. Kwa jembe mafuta hayo hayana ubaya, hata yakinata, na ni salama kwa udongo unaolimwa mchicha kuliko oili chafu ya gari. Mchanga uwe wa mto au wa kujengea ulionyeshewa mvua ukaoshwa vizuri. Wa pwani usitumike.